Vile maji ya Takwa yalituchagulia Drupal

Ilikuwa 2012, kikundi kidogo cha manahodha hapa Lamu kilitaka jukwaa lao la mtandaoni, mgeni aone vyombo, aone safari, abuku mwenyewe bila dalali. Kazi tukapewa mimi na mwenzangu mmoja wa Langoni, na jambo la kwanza kutukalisha chini ni mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu ya kujengea tovuti na kuweka yaliyomo, tushike WordPress ama Drupal 7, ile iliyotoka Januari 2011.

Mwenzangu alikuwa mtu wa WordPress na hoja zake zilikuwa na uzito, manake kuistoli ni rahisi, hostingi ya bei ndogo yaibeba, templeti tele, na tangu toleo la 3.0 la 2010 waweza kutengeneza aina zako za posti, sio makala na kurasa peke yake. Drupal yala memori ya seva na ile sehemu ya admini, ya kuendeshea tovuti, ni msitu kwa mtu mgeni. Mimi nikishikilia Drupal lakini maneno yangu yalikuwa ya kifundi matupu, hayakumwingia mtu.

Sasa siku hio baada ya Alasiri tuko barazani na ami mmoja, katibu wao, twamwonyesha zote mbili kwa laptopu. Akauliza safari ya Takwa iko wapi. Takwa ni yale magofu yaliyoko kisiwa cha Manda na mashua hupita mkondo wa mikoko maji yakijaa tu, yakitoka ndo basi. Akatwambia, "Wanangu, safari hii haina saa yake, yafuata maji. Na chombo leo kina nahodha huyu, kesho mwengine. Nambari ya simu ikibadilika nitaiandika upya mara ngapi?"

Mwenzangu akanyamaza akifikiria, manake ndo swali lenyewe lile. WordPress ya wakati ule kila habari ya ziada ilihifadhiwa kama jina na thamani yake basi, kufunga posti moja na nyengine utafute pilagini, yaani programu ya nyongeza, ama uandike kodi. Drupal 7 fildi, yaani vile visanduku vya kujazia habari, zimo ndani ya mfumo wenyewe, kwa hivyo chombo kikawa aina yake, nahodha aina yake, safari aina yake, tukazifunga kwa Entity Reference, moduli (programu ya nyongeza) ya kuunganisha kitu na kitu, halafu Views, moduli ya kutengeneza orodha, ikawa yatoa orodha ya safari za siku fulani na nahodha wake, nambari ikibadilishwa pahali pamoja tu yabadilika kote. Nilifurahi sana, sifichi.

Ule msitu wa admini mwenzangu ndo aliukata, ami akilogini aona viungo vitatu tu: chombo, nahodha, safari. Na kwa safari tukaongeza fildi ya saa ya maji kujaa ijazwe kwa kila tarehe, manake saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku na mgeni wa Takwa lazima ajue kabla hajalipa.