Dago la Magurudumu Mawili

Wavuvi wetu wanapohama kufuata samaki hujenga makaazi ya muda ufukweni, na huko ndiko tunakokuita dago. Neno hilo ndilo lililonijia nilipoona mara ya kwanza picha ya tela dogo la kulala, lenye umbo la tone la maji, ambalo Wamarekani walianza kujijengea katika miaka ya 1930: ndani hulala watu wawili, na nyuma, chini ya kifuniko kinachoinuliwa, pana jiko. Nimeamua kujenga langu hapa Wete, kisiwani Pemba, ili siku za mapumziko mimi na mke wangu tupite Konde na msitu wa Ngezi na, baada ya kumwarifu sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, tulale ufukweni Vumawimbi badala ya kurudi nyumbani jua likizama.

Sikuanza kwa kukata mbao. Nilichora sakafu ya tela kwa chaki barazani, futi 4 kwa 8, kipimo cha karatasi nzima ya plaiwudi, kisha tukalala wote wawili ndani ya mchoro. Urefu ulitutosha, lakini kwa joto letu upana ule ulitubana mno, nami nikauongeza ukawa futi 5, ingawa sasa sakafu itanilazimu kuunga karatasi mbili. Mchoro wa chaki haugharimu kitu, na ndio ulionionyesha kosa ambalo ningeligundua nikiwa nimeshatumia fedha.

Plaiwudi yenyewe ilinifundisha kwa machungu. Niliyonunua kwanza ilikuwa rahisi na ya kupendeza, lakini nilipochemsha kipande chake kwa saa chache matabaka yaliachana, kwa sababu gundi yake ilikuwa ya samani za ndani. Sasa sinunui karatasi bila kuomba kipande cha kuchemsha.

Kwa paa nilikwenda kwa mzee mmoja anayeunda majahazi, kwa kuwa miti inayoshika paa la mviringo haina tofauti kubwa na mataruma, yaani mbavu za chombo. Alinionyesha namna ya kupinda ufito mwembamba baina ya misumari ili kupata mstari usio na kigongo, kisha akaniambia: "Mwanangu, bahari haiozeshi mbao kama mvua. Ogopa maji yanayotuama." Kwa hiyo kila ungio la paa litapakwa gundi isiyopitisha maji, na ukingo wa kifuniko cha jiko utakuwa na mfereji wa kuyatoa maji ya masika pembeni.

Ramani za Marekani hujaza sponji ukutani kuzuia baridi. Sisi adui yetu ni joto na mvuke wa pumzi, kwa hiyo nimeweka madirisha mawili yanayokabiliana, yenye wavu wa mbu, pamoja na tundu la hewa juu. Tela likigeuzwa ubavu kuelekea kusi au kaskazi, upepo utapita moja kwa moja juu ya kitanda.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni uzito. Katika uzito wote wa tela, asilimia 10 hadi 15 inapaswa kuegemea kwenye kiungio cha gari. Ukipungua hapo, tela huyumba kwa kasi barabarani hata likaweza kulivuta gari; ukizidi, nyuma ya gari hudidimia na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Tela la kilo 400 lataka kilo 40 hadi 60 mbele, na ndiyo maana ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Nimemwomba fundi wa kuchomea asiifunge moja kwa moja mpaka tupime, tukihesabu maji, mtungi wa gesi na vyombo. Vyuma vyote vitapakwa zinki, na panapokutana bati la alumini na chuma nitaweka mpira katikati, kwani kwa chumvi ya hewa yetu alumini huliwa upesi inapogusana na chuma.

Jumamosi hii, mvua isiponyesha, nitahamishia mchoro wa ubavu kwenye plaiwudi. Karatasi zote mbili zitabanwa pamoja na kukatwa kwa mara moja, ili kulia na kushoto zisipishane.