Nilivyojishonea jaketi jepesi la kukimbilia kwenye baridi na manyunyu

Kukimbia alfajiri Njombe mwezi wa Julai ni kupambana na vitu vitatu kwa pamoja: manyunyu, upepo na jasho lako mwenyewe. Mji uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Ukisimama kidogo tu kufunga kamba za kiatu, fulana iliyolowa inakuganda mgongoni na meno yanaanza kugongana.

Koti la plastiki la dukani linazuia mvua barabara, lakini ukishapiga kilomita mbili tatu unakuta umelowa kwa ndani. Majaketi ya wakimbiaji yenye vitambaa vya kupumua kama Gore-Tex yapo, ila bei yake si ya mfuko wangu. Na hata hivyo, kitambaa cha namna hiyo kikilowa chapachapa upande wa nje, mvuke wa jasho hupita kwa shida. Nina cherehani ya kukanyaga nyumbani, nikasema ngoja nishone langu, na hewa niiachie njia ya kupita badala ya kutegemea kitambaa kifanye kila kitu.

Nilianza kwa kujiuliza mvua inanipiga wapi. Kichwani, mabegani, kifuani na mbele ya mikono. Jasho je? Kwapani na katikati ya mgongo. Basi hapo kazi ikawa ya vitambaa viwili: kisichopitisha maji kule juu na mbele, na cha jezi chenye vitundu kule kwenye jasho.

Kile cha kwanza nilikipata mitumbani: turubai la juu la hema dogo, poliesta nyepesi iliyopakwa utando upande wa ndani. Hapa ndipo pa kuwa makini. Utando wa mahema ukizeeka huanza kunata, hutoa harufu kali na kubanduka, na hakuna dawa yake. Nilikunja, nikanusa, nikasugua kwa kidole gumba. Kisha nikabana kipande mdomoni nikapuliza kwa nguvu, pumzi haikupita. Nikamwagia maji kidogo, yakateleza. Nikalipa.

Mikono nilikata ya raglani, ile ambayo mshono unaanzia kwapani unapanda moja kwa moja hadi kwenye kola. Juu ya bega, mahali maji yanapotua, hapana mshono kabisa, na mkono unarushwa bila kuvutwa. Urefu wa mkono niliupima kiwiko kikiwa kimekunjwa, kwa sababu ndivyo tunavyokimbia. Nyuma niliongeza sentimita 6 kuliko mbele, ili kiuno kisibaki wazi.

Kabla ya kukata nilipita kwa fundi mmoja mtaani kumwonyesha kitambaa. Akaniambia, "Mdogo wangu, usikitie pini hiki. Tundu likishaingia halizibiki." Nikatumia vibanio vya kuanikia nguo kushikiza vipande, na kingo nilizipitisha haraka karibu na moto wa mshumaa zisifumuke.

Sindano iwe mpya na nyembamba, mimi nilitumia namba 11, na uzi uwe wa poliesta. Nukta ziwe ndefu kiasi, kama milimita 3, maana zikikaribiana sana kitambaa kinachanika kama karatasi ya stempu. Upande wenye utando hung'ang'ania mguu wa cherehani, kwa hiyo niliweka karatasi nyembamba juu yake, nikashona vyote pamoja, halafu nikaichana karatasi.

Mishono yote mikubwa nilipiga ya jinzi. Unashona vipande viwili ukiacha sentimita 1.5, unapunguza ukingo mmoja ubaki nusu sentimita, ule mpana unaukunja kuufunika mwembamba, kisha unaulaza na kupiga mstari wa pili juu yake. Kwenye mishono inayokatiza kifua hakikisha mkunjo wa nje unaangalia chini, maji yashuke badala ya kukaa kwenye mfuko. Kwa ndani nilipaka gundi ya mishono ya mahema kwa brashi ndogo, nikaacha ikauke usiku kucha. Hatua hii usiiruke hata kama umechoka; kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Zipu ni ya nusu kifua, na nyuma yake nimeweka ukanda wa kitambaa unaozuia upepo. Lastiki nyembamba mikononi na kiunoni. Mgongoni kuna wavu wa jezi uliofunikwa na kipande kinachoning'inia kutoka mabegani: mvua inapita juu, joto linatokea chini. Nikaongeza utepe unaong'aa nyuma, kwa ajili ya bodaboda na malori ya asubuhi.

Jaketi zima halifiki gramu 200, na linakunjika likaenea kwenye kiganja. Kwenye manyunyu mabega na kifua vinabaki vikavu, na mgongo unakuwa na unyevu tu badala ya kutiririka. Mvua kubwa ya Machi ni habari nyingine, ile inaingia kwenye wavu, ingawa ukiwa mwendoni upepo haukufikii na mwili haupoi. Nalifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, naanika kivulini, na pasi haligusi. Sasa hivi nakata la mwenzangu wa mazoezini, na la kwake nalipanua mabegani na kurefusha wavu wa kwapa hadi kiunoni, maana yeye anatoka jasho kunizidi.