Umekuja Kuuliza au Kuaga?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nina jambo linalosubiri jibu langu, na linatakiwa upesi. Nisilitaje. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na kila nikishika simu nitafute mtu wa kunishauri, mkono unakimbilia majina ya wale ambao nakijua watakachosema. Kwa hiyo nilipofika 1 Wafalme 12, nilikwama hapo.

Habari tunaijua. Sulemani amekufa, Israeli wote wako Shekemu kumtawaza Rehoboamu, na ombi lao ni moja: baba yako alitutwika kongwa zito, tupunguzie. Rehoboamu akaomba siku tatu. Hapo hana kosa. Akawaita wazee waliomtumikia baba yake, wakamwambia awatumikie watu hao na kuwajibu kwa maneno mazuri, nao watakuwa watumishi wake daima.

Sasa soma mstari wa 8 polepole. Aliliacha shauri la wazee, kisha ndipo akafanya shauri na vijana waliokua pamoja naye. Umeona mpangilio? La kwanza alikwisha kulitupa kabla hajalisikia la pili. Hakuwa anapima chochote. Alikuwa anatafuta mdomo wa kumsemea lililokuwa tayari moyoni mwake. (Na hao “vijana” tusiwadhanie watoto. Sura ya 14 inatuambia alianza kutawala akiwa na miaka 41, na hao ni rika lake.)

Tunapenda kunukuu Methali kwamba kwa wingi wa washauri makusudi huthibitika. Rehoboamu alikuwa nao tele.

Siku ya tatu akatamka: baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Makabila kumi yakajiondokea. Akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa (kazi za kulazimishwa), watu wakampiga mawe akafa. Mfalme mwenyewe akarukia gari lake, mbio mpaka Yerusalemu. Maamuzi mabaya ndivyo yalivyo: anayekufa mara nyingi siye aliyeamua. Baba anaamua, watoto wanalipa. Mchungaji anaamua, kundi linatawanyika.

Mwaka wa tano wa utawala wake akaja Shishaki mfalme wa Misri, akazoa hazina pamoja na ngao zote za dhahabu alizozifanya Sulemani. Rehoboamu akatengeneza nyingine za shaba. Kila alipokwenda nyumbani kwa Bwana walinzi walizibeba, kisha wakazirudisha katika chumba chao. Msafara ni ule ule, nyumba ya Bwana ni ile ile, ila mikononi ni shaba. Ndugu yangu, wangapi tunaingia ibadani na shaba tuliyoisugua ikang’aa, na hatutaki kuulizwa dhahabu ilikwenda wapi?

Wala si Israeli peke yao. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, Kalpurnia anaota sanamu ya mumewe Kaizari ikibubujika damu, anamsihi asitoke nyumbani, naye anakubali. Anaingia Decius na tafsiri tamu: damu hiyo ni uhai ambao Roma itaupata kwako. Kaizari anaitisha joho lake anatoka. Decius alikuwa mmoja wa waliopanga kumuua. Ukimwona mtu ana tafsiri nzuri ya kila ndoto yako, mchunguze.

Napoleon, mtawala wa Ufaransa, naye alionywa. Caulaincourt, aliyekuwa balozi wake Urusi, alimweleza juu ya baridi ya nchi ile na kwamba mfalme wake hatasalimu amri. Mwaka 1812 akaingia na majeshi ya mamia ya maelfu. Desemba akawaacha waliosalia theluji ikiwamaliza, akapanda gari la kuteleza kurudi Paris, na aliyeketi pembeni yake safari nzima ni Caulaincourt yule yule.

Mama mmoja wa maombi niliwahi kumwendea na jambo, nikamweleza kwa urefu na mapana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mwanangu, umekuja kuuliza au kuaga?” Swali hilo ninalo mpaka leo. Wengine tunamwendea hata Mungu kumuaga. Tunafunga, tunakesha, kumbe mizigo imeshafungwa. Yohanani, kiongozi wa Wayuda waliosalia, na watu wake ndivyo walivyomfanyia nabii Yeremia walipomwomba awaulizie kwa Mungu. Waliapa kutii, jibu liwe jema au liwe baya, na wakati wanaapa walikuwa wameshapiga kambi karibu na Bethlehemu, uso kuelekea Misri. Jibu lilipokuja kwamba wakae Yuda, wasiende Misri, wakamwambia nabii: unasema uongo. Wakaondoka, na yeye wakambeba.

Acha kuzunguka kwa watumishi ukitafuta atakayesema ndiyo. Nasema kwa upendo, na najisemea kwanza mimi. Na wewe unayeulizwa, usimpe ndugu yako “amina” kwa sababu unaogopa kununiwa. Yupo mtu ambaye unapitisha jina lake kila mara kwa kuwa atakuambia ukweli. Mpigie leo, kabla hujajibu.

Kama ulishaondoka na sasa uko Misri, soma Yeremia 43:8. Neno la Bwana likamjia Yeremia huko Tahpanesi, kule kule walikokatazwa kwenda. Tuombeane, hasa wenye majibu ya kutoa kabla ya Jumapili.