Nilivyolitetea geti la zahanati yetu

Jumanne moja ya Oktoba 2021, mama mwenye mimba ya miezi minane alifika karibu kabisa na geti letu, akasimama, kisha akageuka akarudi kwao. Mimi ni nesi wa hapo, nilimwona kwa dirisha la chumba cha kliniki. Kadi alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa ametembea zaidi ya saa mbili, juani, kwenye vumbi la Bahi, mkoani Dodoma, la kabla ya mvua. Kilichomrudisha ni vijana wanane waliosimama getini wakipaza sauti, "Huyo naye anakwenda kudungwa!" Mmoja wao alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Mama yule hakuja kuchanjwa. Alikuja kupimwa presha na kusikilizwa mapigo ya mtoto.

Chanjo ya UVIKO-19 ilikuwa imezinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai, na baadaye ikasogezwa vijijini kwa ule mpango ulioitwa shirikishi na harakishi. Maneno yalikuwa mengi: inaziba kizazi, inamaliza nguvu za kiume, ukichanjwa humalizi miaka miwili. Sikuwalaumu watu kwa kuogopa. Mimi mwenyewe nilikuwa na maswali kabla sijachanjwa. Ila hofu ya mtu ni yake, na njia ya zahanati ni ya wote.

Makosa yangu mawili nayasema kwanza. La kwanza, nilitoka na sare yangu nikaenda kubishana nao palepale getini. Kila nilipojibu moja, walileta matatu, na waliokuwa wakipita na baiskeli wakasimama kusikiliza. Watu wanane wakawa thelathini. La pili, nilimwomba mtendaji wa kijiji msaada, akaleta mgambo wawili wenye fimbo. Vijana wakatawanyika siku ileile. Lakini kesho yake benchi lilikuwa tupu kuliko jana. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, nikiona mgambo mlangoni najua pana kesi. Mimi nina mguu, sina kesi."

Jioni hiyo nilikaa na madaftari ya MTUHA, yale ya kumbukumbu za huduma, taa ya sola pembeni, nikalinganisha waliotegemewa na waliofika. Wajawazito walipungua karibu nusu. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekuwa mwezi wa nne wa dawa alikosa. Waliopaswa kuchukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi na hawakuonekana walikuwa watano. Nilibaki nayatazama majina yale matano kwa muda mrefu. Anayepiga kelele getini hajui nani kafuata nini, kwa hiyo anawapigia wote, na anayekimbia wa kwanza ni yule mwenye siri kubwa kuliko wengine. Mwenye simu alidhani anarekodi waliochanjwa. Kumbe angeweza kumtangazia kijiji kizima afya ya jirani yake.

Kuanzia hapo niliacha kuzungumzia chanjo. Nikazungumzia geti.

Nilimfuata mwenyekiti wa kijiji kwake alfajiri, kisha wazee watatu, mmoja mmoja. Mkutano mkuu uliitishwa chini ya mbuyu. Nilisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikasema sikuja kumshawishi mtu achanjwe. Nikaeleza ya yule mama mjamzito bila kumtaja, na nikasema wapo wengine ambao siwezi hata kueleza walifuata nini. Nikasoma pia kwamba Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa na inakataza unyanyapaa. Sikumnyooshea mtu kidole.

Kijana mmoja akasimama. "Nesi, kwa hiyo mnatufunga midomo?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na nililijibu kama linavyostahili. Nikamwambia, hapana mdogo wangu, semeni. Semeni hapa mbuyuni, na kila Ijumaa jioni nikitoka kazini nitakuja kukaa niulizwe. Lakini kutoka hapa hadi getini mtu asizuiwe, asifuatwe, asipigwe picha. Mzee mmoja akajiegemeza kwenye fimbo yake akamalizia: "Mgonjwa ni kama mtu anayekwenda kisimani. Humsimamishi ukamwuliza ndoo ni ya nani."

Tulihesabu hatua: 120. Vijana wenyewe wakapaka chokaa mawe mawili kuonyesha mpaka. Halmashauri ya kijiji baadaye ilianza kuandika sheria ndogo, lakini hiyo lazima ipitishwe na halmashauri ya wilaya, na mambo hayo huenda kwa miezi. Makubaliano ya mbuyuni yalifanya kazi kuanzia kesho yake. Nimekuja kusoma kwamba Kanada, Desemba mwaka uleule, bunge lao lilipitisha sheria ya kuwafunga hadi miaka kumi wanaowatisha wagonjwa na watumishi wa afya, na kwamba Uingereza na Wales sasa wana mita 150 kuzunguka kliniki za kutoa mimba ambamo huruhusiwi kumsumbua anayeingia. Ugomvi wao ni mwingine kabisa, lakini mlango wanaoulinda naufahamu.

Ndani nako tulibadilisha. Chanjo ilikuwa na meza yake upande wa kushoto, kwa hiyo aliyekwenda kushoto alijulikana. Tukaiondoa. Wote wakakaa benchi moja, wakaitwa kwa namba, wakaingia mlango mmoja. Mwenzangu alipendekeza tufungue njia ya nyuma kwenye ua wa minyaa kwa wanaoogopa. Nilikataa. Ukimpitisha mtu kwa nyuma, umemwambia ana la kuficha. Badala yake wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliwapanga akina mama wa kila kitongoji waje kwa makundi, wakisindikizana.

Ijumaa zile mbuyuni hazikuwa rahisi. Wengine walichanjwa, wengi hawakuchanjwa, na yule mwenye simu hadi leo anasema hatachanjwa. Ila siku moja alimleta mama mkwe wake kwa bodaboda, akamshusha kwenye jiwe la chokaa, akamwacha atembee mwenyewe hadi ndani.

Mama mjamzito alijifungulia kwetu, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mgonjwa wa kifua kikuu alimaliza dozi. Kati ya wale watano, wanne walirudi kabla ya Krismasi. Wa tano nilimtafuta kitongojini, nikaambiwa amehamia upande wa Manyoni. Niliwapigia wenzangu wa vituo vya huko, nikaandika jina lake kwenye karatasi ya rufaa endapo atatokea. Karatasi hiyo bado ninayo.