Kalo ya kipozamataza wa Liben

Kwenye uwanda wa Liben, karibu na Negele kusini mwa Ethiopia, anaishi kipozamataza aliye hatarini kabisa kutoweka. Ni ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi, mkia mfupi mwembamba. Dume hupaa akiimba, kisha hudondoka nyasini usimwone tena. Tago lake liko chini, limejificha kwenye kishungi cha nyasi. Nyasi zikiliwa hadi udongo uonekane, mayai yanabaki wazi kwa kila mwindaji na kila kwato.

Mashamba yamekula uwanda, mifugo imezidi, na migunga inasonga mbele kwa kuwa moto wa wafugaji uliokuwa ukiizuia ulikomeshwa.

Dawa bora iko kwa Waborana wenyewe, wafugaji wa uwanda huo: kalo, malisho ya jamii yanayofungwa wakati wa mvua. Kata migunga iliyovamia, buruta matawi yake ya miiba hadi mpakani, yapange yawe ua wa miiba, yakiwa yamefungamana, mashina yakitazama ndani. Kazi moja, faida mbili. Lakini mgunga uliokatwa tu huchipuka tena, tena kwa vitawi vingi, hivyo lazima urudiwe kila mwaka au ung'olewe na mizizi. Miiba nayo huoza na kuliwa na mchwa. Pengo moja latosha kundi zima la ng'ombe kupita.

Kiangazi kalo hufunguliwa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Sharti hilo lisiguswe: wenyeji wasipopata majani, hakuna atakayelinda ua. Na kalo isiwe kipande kidogo kilichozungukwa na vichaka, maana ndege huyu anataka uwazi mpana.