Ripoti ya serikali iliyofufua mtambo wangu wa biogesi

Mtambo wangu wa biogesi, wa kugeuza kinyesi cha ng'ombe kuwa gesi ya kupikia, ulikufa ukiwa na miezi mitano. Haukulipuka wala kubomoka, ulinyong'onyea tu. Mwanzoni moto uliivisha maharage. Baadaye ukatosha chai ya asubuhi. Mwisho ukawa unawaka kwa muda wa kukaanga yai moja, kisha kimya. Milioni mbili na ushee zilikuwa zimeshazikwa pale chini, hela ya maziwa niliyoiweka kidogo kidogo kwenye SACCOS, na mimi nikarudi kununua kuni kwa mama yuleyule niliyekuwa nimemuaga.

Nina ng'ombe watatu wa ndani, huku mteremkoni mwa Mlima Meru. Kinyesi si shida, maji si shida. Kwa hiyo fundi aliyenijengea aliponiambia, "Mama, ng'ombe wako hawashibi, ndiyo maana gesi haitoki," niliumia. Ng'ombe asiyeshiba hatoi lita kumi na mbili kwa siku.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alisema nimwage hamira. Mwingine akasema niongeze kinyesi, na hili nililifanya: mwezi mzima tulisomba ndoo kwa toroli kutoka mabanda ya watu watatu, mimi na mwanangu, alfajiri kabla hajaenda shule. Uji wa samadi ukafurika kwenye chemba ya nje, ile inayopokea samadi inayosukumwa na gesi, ukateremka mpaka kwenye migomba, na moto haukubadilika hata kidogo. Nikapaka sabuni kila kiungo cha bomba kuanzia kwenye kuba, lile tumbo la mtambo lililofukiwa ardhini, mpaka jikoni nikitafuta mapovu. Hakuna povu. Nikabadilisha valvu, kama elfu thelathini hivi, na hali ikabaki ileile.

Ushauri ulionikera kuliko yote ulitoka kwa shemeji yangu, mtu aliyesoma. Nilimwambia nimesikia kwamba serikali iliwahi kufanya utafiti wa mitambo hii hapahapa Arusha, na kwamba lazima kuna ripoti. Akaniambia, "Shemeji, ripoti za serikali kazi yake ni kufungia maandazi. Lipa mtaalamu." Mtaalamu mwenyewe alitaka laki nane, na hiyo ni ya kuja kuangalia na kuniandikia kurasa chache.

Mimi niliijua habari ya utafiti huo kwa sababu niliiona nikiwa mtoto. Miaka ya 1970 SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, walijenga mitambo yenye pipa la chuma linaloelea juu ya samadi. Pipa lilikuwa ghali na lilikula kutu. Miaka ya 1980 CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kikishirikiana na GTZ, shirika la misaada ya kiufundi la Ujerumani, kikaleta mtambo usio na chuma: kuba la tofali za kuchoma lililofukiwa ardhini. Umbo hilo mpaka leo linajulikana nje ya nchi kwa jina la kituo chenyewe. Nakumbuka magari yao yakipita kijijini. Watu wale walikuwa wakipima na kuandika kila kitu. Nikajiuliza: daftari zile zilikwenda wapi? Fedha ya umma ya nchi mbili ililipa kazi ile, haiwezekani imeyeyuka.

Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Niliandika "naomba taarifa zote kuhusu biogesi". Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Nilipokwenda mwenyewe, kijana wa mapokezi akaniambia ripoti ni mali ya ofisi, hazitolewi kwa watu wa mitaani. Nikamuuliza ni sheria gani inasema hivyo. Akaniambia nirudi Jumatatu, bosi yuko safarini Dodoma. Nilirudi Jumatatu mbili.

Aliyenifungulia njia ni binti wa dada yangu, anayesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Maktaba ya pale ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo, imewekwa kisheria tangu 1991. Nikamwambia asitafute ripoti, atafute tasnifu za wanafunzi walioandika kuhusu biogesi, kisha anipigie picha kurasa za mwisho tu, zile za marejeo. "Mama mdogo, kurasa za marejeo tu? Husomi yaliyomo?" Ndiyo, za marejeo tu. Mwanafunzi aliyeandika tasnifu miaka ishirini iliyopita alilazimika kuitaja kila ripoti aliyoigusa: mwandishi, mwaka, mahali, na mara nyingine mpaka namba yake. Siku mbili baadaye simu yangu ilikuwa na picha kumi na moja. Ripoti moja ilijirudia kwenye tasnifu tatu. Nikajua hiyo ndiyo mama yao.

Barua ya pili ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Nikaitaipisha kwenye steshenari, ikiwa na YAH: yake kwa herufi kubwa, jina la ripoti, mwaka wake na namba yake, na sentensi moja kwamba naiomba kama raia chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kunijibu. Sikuandika kwa ukali. Nikatoa nakala mbili, moja nikaigongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nikarudi nayo nyumbani. Ukipeleka barua ofisini bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri, huna ushahidi kwamba ulifika pale.

Siku ya kumi na tisa nikapigiwa simu. Lakini hata hapo ripoti isingeonekana kama si mzee wa masjala. Ofisini walikuwa wameshaitafuta kwenye kompyuta wakaikosa. Nikamwona mzee mmoja mwenye kaunda suti anapita na majalada mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikampa karatasi yenye namba. Aliitazama, akacheka kidogo, akasema hiyo haiko kwenye kompyuta kwa sababu iliandikwa kwa taipureta kabla kompyuta hazijafika ofisini, na mradi ulipofungwa makabrasha yake yalihamishiwa stoo ya nyuma. Akaingia, akatoka baada ya kama saa moja akiwa na vumbi mabegani. Akaiweka mezani kwa mikono miwili. Jalada la kijani, pembe zimeliwa na mende, pini zimeshika kutu mpaka zimeacha alama kwenye karatasi. Nililipa gharama za kutoa nakala tu, haikufika elfu ishirini.

Niliisoma usiku tatu mfululizo, kamusi pembeni, maana ni ya Kiingereza. Na nitasema wazi kilichonifanya niiheshimu: ina sura nzima ya mitambo iliyokufa. Wameandika upi ulivuja, upi uliachwa kwa sababu mwenye nyumba aliuza ng'ombe, upi ulijengwa na fundi aliyeharakishwa. Nimeshasoma maandiko ya miradi mingi ya siku hizi ambayo kila kitu ndani yake kimefanikiwa, na hayajanifaa kitu. Mimi nilikuwa na mtambo uliokufa, nilitaka kusoma habari za wafu wenzake.

Humo ndimo nilimokutana na pete mbili. Kuba la mtambo lina sehemu ya chini inayokaa samadi na sehemu ya juu inayokaa gesi. Tofali zikishakaa ardhini, ufa hauepukiki: utaanzia chini na kupanda juu wima. Ukifika kwenye gesi, mtambo umekwisha. Basi watafiti wale wakafanya jambo ambalo fundi yeyote angelikataa. Katikati ya sehemu hizo mbili waliweka mstari mmoja wa udongo dhaifu makusudi, wenye sementi kidogo sana, na juu yake pete imara ya kubeba kuba la gesi. Ufa ukipanda, unafika kwenye pete dhaifu, unakuta njia rahisi ya kwenda pembeni, na unageuka kulala. Unabaki upande wa samadi, ambako hauna madhara. Nilisoma aya ile mara nne. Fundi wangu alijenga kwa sementi nzito kuanzia chini mpaka juu, akijisifu kwamba hajaniibia hata mfuko mmoja.

Lakini kujua kwamba ufa unaweza kuwepo si kujua uko wapi, na hapa sehemu moja niliikamilisha mwenyewe. Nikaazima mpira wa levo wa fundi uashi, ule unaopitisha mwanga, nikaukunja kama herufi U kwenye ubao, nikaweka maji yenye rangi, nikabandika rula ya shule ya mwanangu, nikaunganisha ncha moja kwenye bomba la jikoni. Gesi ikisukuma, maji yanashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, na tofauti yake ndiyo nguvu ya gesi. Jioni nikafungua gesi yote itoke mpaka maji yakalingana, nikafunga, nikakaa nayo na tochi.

Saa tatu usiku, sentimita 9. Saa tano, 20. Saa saba, 31. Saa nane, 34. Saa tisa, 34. Alfajiri, 34. Usiku wa pili, 34 tena.

Nilijua nimeushika. Kama bomba ndilo linalovuja, au kilele cha kuba, gesi ingetoka muda wote na maji yasingepanda hivyo. Huu mtambo ulikuwa unashika vizuri kabisa mpaka mahali fulani, halafu unaachia. Maana gesi ikijaa inasukuma samadi ishuke ndani, na samadi iliyosukumwa inapanda kwenye chemba ya nje. Samadi ikishuka chini ya ncha ya ufa, mlango umefunguka. Nikapima chemba ya nje: ilikuwa imepanda sentimita 13 kutoka mstari wa kawaida, yaani usawa wa samadi gesi ikiwa imetoka yote. Nguvu ya gesi ni jumla ya kilichopanda nje na kilichoshuka ndani. Toa 13 kwenye 34, unabaki na 21. Ncha ya ufa iko sentimita 21 chini ya mstari wa kawaida, ndani. Na hapo nikaelewa kwa nini moto ulinyong'onyea badala ya kuzimika siku moja: ufa ulikuwa unapanda, na kila ulivyopanda, akiba ya gesi ilipungua.

Tulifungua mfuniko, tukatoa samadi yote kwa ndoo na kamba, migomba ikafaidi. Kuhusu kuingia ndani siwezi kusema kwa upole. Hewa ya mle inaua, na inaua haraka. Tuliacha wazi siku tano, tukapuliza hewa kwa feni ya kufukuza moshi tuliyoazima, na aliyeingia alifungwa kamba kifuani na wanaume wawili wenye nguvu juu wakizungumza naye muda wote. Kibatari, sigara, kiberiti, hakuna. Mtu akikwambia ujaribu hewa kwa kushusha mshumaa, mfukuze.

Kijana aliyeshuka alipaza sauti kutoka chini: "Mama, upo!" Ulikuwa mwembamba kama uzi, umesimama wima, ncha yake imetofautiana na alama yangu kwa upana wa vidole viwili.

Kuba lilibomolewa mpaka chini ya usawa wa pete na kujengwa upya, tofali zimelowekwa, kila moja ikipimwa kwa kijiti cha kutoka katikati ili duara lisipotee. Tulipofika kwenye pete dhaifu kijana akagoma. "Mama, udongo huu hata tofali la choo hauwezi kushika. Watu watanicheka." Nikamletea nakala, nikamwonyesha mchoro. Akautazama muda mrefu, akauliza kama anaweza kuupiga picha. Ndani tulipiga lipu tabaka kwa tabaka, na juu tukarudishia udongo wote, kwa sababu uzito wake ndio unaolikandamiza kuba gesi inapolisukuma. Ukarabati wote ulinigharimu kama laki saba, pamoja na chakula cha mafundi. Chini ya alichotaka yule mtaalamu kwa kuja kuangalia.

Nikajaza ndoo ya kinyesi kwa ndoo ya maji, nusu kwa nusu, majani nimeyachambua. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa gesi lita 30 hadi 40, kwa hiyo ndoo mbili tatu za kila siku zinatosha mapishi ya nyumba yangu. Gesi ya kwanza niliiachia hewani, maana imechanganyika na hewa na si salama kuiwasha.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kila ninapousikia ukitajwa, mazungumzo yanakwenda kwenye mitungi ya gesi ya dukani. Mitungi ni mizuri, ninao mmoja. Ila mwenye ng'ombe wawili wa ndani ana gesi inayomwagika bandani kila asubuhi, na kazi ya kujua namna ya kuikamata ilishafanywa na kulipiwa. Iko stoo ya nyuma. Naomba iingizwe kwenye kompyuta kabla mende hawajafika katikati ya kurasa, na kabla mzee wa masjala hajastaafu.

Usiku wa wiki ya nne nilikaa tena jikoni na ubao wangu. Saa nane ikasoma 34, mwanangu akashika mkono wangu. Saa nane na nusu ikasoma 37. Hatukulala. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamesimama kwenye 61, nikawasha moto, nikabandika maharage.