Daftari la asali, wiki ya sita: imetoka barua pepe, imeingia simu

Wiki hii sijaongeza ukurasa hata mmoja. Nimehangaika na mlango tu.

Kwa mgeni: natengeneza programu ya kuandikia asali inayoingia stoo kwa shangazi, hapa Tabora. Warina asali wanaleta ndoo za lita 20 kutoka upande wa Sikonge, na kila mmoja anataka kuona zake bila kusubiri daftari lifunguliwe.

Natumia Laravel, mfumo wa PHP wa kutengenezea programu za wavuti. Kurasa za kujisajili na kuingia sikuziandika mwenyewe, nimechukua Breeze, kifurushi cha Laravel chenye kurasa hizo tayari: `php artisan breeze:install blade`, basi. Hiyo Blade ni violezo vya kurasa vya Laravel. Ningeweza kuchagua Vue au React, zinazojenga ukurasa kwa JavaScript ndani ya kivinjari, lakini kwa jedwali moja na fomu mbili? Kwa Blade, HTML (yaani ukurasa wenyewe) inatoka seva ikiwa tayari, hata simu ya shangazi iliyopasuka kioo inafungua bila kugugumia. Ila `npm install`, amri ya kupakua vifurushi vya JavaScript, sikuikwepa; Tailwind, ile ya kupamba kurasa, inaitaka, na bando la siku likaishia hapo.

Sasa, Breeze inachukulia kila mtu ana barua pepe. Watu wangu wana namba ya simu. Uzuri wake, msimbo wote inakumwagia ndani ya mradi, unakata utakavyo. Nikageuza safu ya `email` kuwa `simu`, nikarekebisha fomu na `LoginRequest`, faili linalomkagua anayeingia. Namba zote nazianzisha na 255 kabla ya kuhifadhi, maana mtu yuleyule leo anaandika 07, kesho +255.

Jumamosi tukajaribu pale stoo, wote tukitumia intaneti ya simu yangu. Mzee mmoja akakosea nywila mara tano, akafungiwa dakika moja. Sawa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini shangazi naye akafungiwa, na ndiyo kwanza anajaribu.

"Mwanangu, hii mashine yako inachapa darasa zima?"

Nimekaa nayo hadi saa nne usiku. Kumbe kwenye `throttleKey`, ufunguo wa kuhesabia makosa ya kila anayeingia, nilisahau kubadili `email`. Hakuna tena kitu cha jina hilo kwenye fomu, kwa hiyo makosa yakawa yanahesabiwa kwa anwani ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti) peke yake, na sisi sote tulikuwa na moja. Dawa yake neno moja: `simu`.

Kurudisha nywila bado kunadai barua pepe. Kwa sasa anayesahau anamwendea shangazi, anapangiwa mpya. SMS zina gharama, nitaziangalia baada ya msimu wa kurina.